Somo kwa Waalimu na Wazee: Njia ya Mbegu katika Mwili wa Mwanamume



Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni viungo vya uzazi vya mwanamume, na hasa mirija myembamba ipitishayo mbegu. Aliyeumba jicho na mkono aliumba na viungo hivi pia, wala hakuna kiungo ambacho ni dhambi kukijua. Haya ni ngao ya mtu asitende ovyo. Isiwe pazia la kumfunika asijue.

Tena tunayo sababu ya kulileta somo hili. Hapa Ntobeye, na katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, mzee wa kanisa au mwalimu wa mtaa huletewa mara kwa mara shauri la ndoa isiyo na mtoto. Shauri hilo huja karibu kila mara kwa namna moja. Mume amekaa na mkewe miaka mitatu au minne, mimba haikuonekana, na ndugu za mume wanasema, "Mwanamke huyu ni mgumba, arudi kwao, na ng'ombe wetu warudishwe." Hakuna aulizaye habari za mume. Akiwa ana nguvu za kulima, ana ndevu, naye aweza kulala na mkewe, basi hukumu imekwisha kukatwa. Twataka kuonyesha leo kwamba hukumu ya namna hiyo hukatwa kabla shahidi wa pili hajasikilizwa.

1. TUPATANE KWANZA JUU YA MANENO

Neno "mshipa" hutumiwa kwa mambo mengi. Njia ya damu huitwa mshipa, neva huitwa mshipa, hata ugonjwa wa ngiri huitwa mshipa. Mtu asemapo, "Naumwa mshipa," daktari hajui bado anaumwa nini. Kwa hiyo katika somo hili tutasema "mrija," maana yake njia iliyo wazi ndani, ipitishayo kitu cha majimaji.

Kende ni kile kiungo cha mviringo. Mwanamume anayo makende mawili, nayo hukaa ndani ya mfuko wa ngozi. Mbegu ni kitu kidogo sana, chenye kichwa na mkia, kisichoonekana kwa macho matupu. Manii ni yale maji meupe mazito yanayoichukua mbegu. Mbegu na manii si kitu kimoja. Msomaji na aishike sana tofauti hiyo, kwa maana somo lote lasimama juu yake.

2. MAHALI MBEGU ZINAPOFANYIZWA

Ndani ya kila kende mna vyumba vidogo 250 hivi, na ndani ya kila chumba mna vijirija vyembamba kama uzi, vilivyokunjwa-kunjwa. Kama vijirija vyote vya kende moja vingenyoshwa na kuungwa, urefu wake ungepita mita 200. Kuta za vijirija hivyo ndizo zinazofanyiza mbegu, usiku na mchana, tangu kubalehe hata uzeeni. Mbegu moja, tangu kuanza hata kutimia umbo lake, yahitaji siku 70 hivi. Mtu aliyeugua homa kali leo aweza kuona upungufu wa mbegu baada ya miezi miwili au mitatu, ijapokuwa homa amekwisha kuisahau.

Makende yamewekwa nje ya tumbo kwa sababu kazi hii haipendi joto. Yataka nyuzi 2 hata 4 chini ya joto la mwili. Kwa hiyo mtoto wa kiume ambaye kende lake halikushuka apelekwe kwa daktari mapema, asingojewe mpaka akue. Kama halikushuka lenyewe katika miezi ya kwanza, lafaa kushushwa kwa kupasuliwa kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na nusu.

Watu wa zamani hawakuyajua haya. Mwaka 1668 daktari mmoja Mholanzi, jina lake Reinier de Graaf, alitangaza kitabu akionyesha ya kuwa kende si nyama tupu, bali ni vijirija vilivyokunjwa. Mwaka 1677 Antoni van Leeuwenhoek, aliyekaa mji ule ule wa Delft, aliyatazama manii kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza mwenyewe, akaona mbegu zikiogelea. Maelfu ya miaka watu walizaa bila kuiona mbegu, na miaka hiyo yote waliwahukumu wagumba kwa kukisia tu.

3. VIJITO VINGI NA MTO MMOJA

Sisi wa Ngara twaijua mito. Vijito visivyohesabika vyashuka katika vilima vya Burundi na kuufanya mto Ruvubu. Nao Ruvubu wakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na baada ya hapo maji yote ni mto mmoja, uendao Ziwa Nyanza. Kijito kimoja kikikauka, mto hautajua. Lakini mtu akiuziba mto wenyewe, vijito vyote pamoja haviwezi kusaidia kitu.

Ndivyo ilivyo katika mwili. Vile vijirija vingi vya kende vyaingia katika wavu mdogo wa njia, na kutoka katika wavu huo yatoka mirija 10 hata 15 hivi. Mirija hiyo yaungana, ikawa mrija mmoja tu. Huo ndio mrija uliokunjwa, ambao madaktari huuita epididimisi. Umelala nyuma ya kende, na mtu akijipapasa polepole aweza kuusikia kama utepe laini. Urefu wake uonekanao ni sentimeta 5 hivi, lakini ukinyoshwa wapata mita 6. Fikirini: mita 6 za njia, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, na kila mbegu ya kende lile haina budi kuipita yote. Hakuna njia nyingine ya kando.

Mrija huo si njia tu, ni shule pia. Mbegu itokayo kendeni ina umbo kamili, lakini bado haijui kuogelea, wala haiwezi kuitungisha mimba kwa njia yake ya kawaida. Yasafiri polepole katika mrija siku kadhaa, hata kufika karibu wiki mbili, nayo hupata nguvu zake humo. Mwishoni mwa mrija, mbegu zilizokomaa hukaa akiba.

4. MRIJA WA KUPITISHIA

Mwisho wa mrija uliokunjwa waanza mrija wa kupitishia mbegu. Huu umenyoka, una kuta nene za misuli, na urefu wake ni sentimeta 30 hata 45. Wapanda kutoka katika mfuko wa makende, wapita katika tundu la kinena, waingia tumboni, wazunguka kibofu cha mkojo, na kushuka nyuma yake. Tundu lile la kinena ndilo mahali matumbo hupenya mtu apatapo ngiri. Kwa hiyo daktari apasuaye ngiri hujihadhari sana asiuumize mrija huu.

Mirija hii ni miwili, mmoja kwa kila kende. Hii ni rehema kubwa, kwa maana mmoja ukiziba, wa pili waweza kutosha.

5. MAHALI NJIA ZINAPOKUTANA

Nyuma ya kibofu, kila mrija wa kupitishia waungana na mrija wa kifuko cha manii. Baada ya kuungana wawa mrija mfupi, sentimeta 2 tu, upenyao ndani ya tezi dume na kufungukia katika mrija wa mkojo. Tangu hapo mkojo na manii vina njia moja, lakini havipiti kwa wakati mmoja: manii yatokapo, mlango wa kibofu hujifunga.

Sasa tuulize: maji ya manii yatoka wapi? Sehemu kubwa, kama 65 hata 70 katika mia, yatoka katika vile vifuko viwili. Sehemu kama 25 hata 30 yatoka katika tezi dume. Sehemu itokayo kendeni pamoja na mbegu zenyewe ni 2 hata 5 tu katika mia.

Msomaji na asome tena hesabu hiyo. Mtu ambaye mirija yake yote miwili imeziba karibu na makende, manii yake yapungua sehemu ndogo hata yeye mwenyewe hawezi kuijua. Rangi ni ile ile, uzito ni ule ule. Mbegu hamna hata moja. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2021 kiasi cha chini cha kupimia, nacho ni mbegu milioni 39 kwa mara moja; lakini jicho la mtu haliwezi kutofautisha milioni 39 na sifuri. Hadubini peke yake yaweza.

6. KENDE LINA KAZI MBILI

Kazi ya kwanza tumekwisha kuieleza, ni kufanyiza mbegu. Kazi ya pili ni kutoa ile dawa ya mwili, yaani homoni, iletayo ndevu, sauti nzito, nguvu za misuli na tamaa ya ndoa. Homoni hiyo haipiti katika mirija ya mbegu kabisa. Yaingia katika damu moja kwa moja.

Basi njia ni mbili: uanaume hupita katika damu, mbegu hupita katika mirija. Njia ya pili ikiziba, ya kwanza haidhuriki. Ndiyo sababu mwanamume aweza kuwa hodari kitandani na shambani, naye hana uwezo wa kumpa mkewe mimba. Wazee walioketi kuzunguka chungu cha pombe ya mtama walilijua jambo la namna hii: mrija ukiziba, mnywaji hapati kitu, lakini hakuna mwenye akili asemaye chungu ni kitupu.

7. YANAYOZIBA NJIA

Kuna wachache wanaozaliwa bila mirija ya kupitishia. Wengine hupata kifua kikuu katika epididimisi. Lakini aduii aliye karibu nasi zaidi ni magonjwa ya zinaa, hasa kisonono na klamidia.

Kisonono huanza katika mrija wa mkojo. Kwa kawaida siku chache baada ya kuambukizwa, mtu huona usaha na maumivu ya kukojoa. Asipotibiwa, vijidudu vyaweza kupanda kinyume cha njia ya mbegu, mpaka epididimisi. Hapo kende huvimba na kuuma upande wa nyuma, pengine pamoja na homa. Baada ya siku kadhaa maumivu hupungua, naye mtu husema, "Nimepona." Lakini mahali palipowaka moto hubaki kovu, na kovu katika mrija mwembamba kuliko uzi ni ukuta. Klamidia ni ya hila zaidi, kwa kuwa mara nyingi haitoi dalili yo yote, wala kwa mume wala kwa mke.

Matubwitubwi hufanya neno lingine. Yakimpata mtu aliyekwisha kubalehe, yaweza kuliwasha kende lenyewe. Hapo njia haikuziba, bali shamba limeharibika. Tena kuna hatari ambayo kila mzazi yampasa kuijua: kijana akipatwa na maumivu makali ya kende kwa ghafula, pengine pamoja na kutapika, huenda kende limejisokota na kukata damu yake. Huyo asikandwe kwa majani wala asingojewe hata kesho. Apelekwe hospitali mara moja, maana muda wa kuliokoa kende ni saa 6 hivi.

8. HABARI ZA NCHI YETU

Mambo haya si ya vitabuni tu. Zamani za utawala wa Waingereza, upungufu wa watoto katika Buhaya uliwahangaisha wamisionari, madaktari na wenyeji wenyewe, na kisonono na kaswende vilihesabiwa kuwa sababu kubwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu wetu wa Kagera. Mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja na nusu hivi, wakakaa Benaco katika wilaya ya Ngara. Na kati ya huduma za kwanza zilizoonekana kuwa lazima kambini ilikuwa matibabu ya magonjwa ya zinaa.

Katika miaka ile ile, 1991 hata 1994, ulifanywa uchunguzi katika vijiji vya Mwanza. Vijiji vingine vilipewa matibabu mazuri ya magonjwa ya zinaa katika zahanati zao za kawaida, vingine vikangoja. Mahali palipotibiwa vizuri, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua karibu sehemu mbili katika tano. Twajifunza nini? Ya kuwa zahanati ya kijijini, yenye dawa na mtu aliyefundishwa, yaweza kufanya kazi kubwa. Wala haihitaji mashine za mbali.

9. KUFUNGWA MIRIJA KWA HIARI

Kuna na wale wanaotaka njia ifungwe, kwa kuwa wamekwisha kupata watoto wa kutosha, au mke ameonywa asizae tena. Daktari hufungua tundu dogo katika ngozi ya mfuko, huukata na kuufunga mrija wa kupitishia kila upande, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Katika mkoa wa Kigoma, jirani yetu wa kusini, kazi hii imefanywa miaka mingi, na uchunguzi juu yake ulitangazwa mwaka 2007. Woga mkubwa wa watu ulikuwa kwamba kufungwa mirija ni sawa na kuhasiwa. Msomaji aliyelifuata somo hili aweza kujibu mwenyewe. Kuhasi ni kuondoa kende, na homoni pamoja nalo. Kufunga mirija hakuligusi kende: homoni huendelea katika damu, manii huendelea kutoka, na mbegu zisizopata njia huyeyushwa na mwili wenyewe.

Mambo matatu yakumbukwe. Mbegu za akiba hubaki mbele ya fundo, kwa hiyo mume na mke watumie kinga nyingine miezi 3, kisha manii yapimwe. Pili, kufungwa hakumkingi mtu na magonjwa ya zinaa. Tatu, kufungua tena ni kazi ngumu, na mara nyingine haifaulu. Kwa hiyo mume na mke washauriane kwanza hata wawe na moyo mmoja.

10. YATUPASAYO SISI

Kwanza, tukiletewa shauri la ndoa isiyo na mtoto, tuulize: je, wamekaa pamoja mwaka mzima bila kinga? Kama ndivyo, wote wawili wapelekwe kupimwa, wala si mke peke yake. Katika ndoa zisizozaa, sababu iliyo kwa mume, peke yake au pamoja na ya mke, huonekana karibu katika nusu. Tena kipimo cha mume ni chepesi kuliko vya mke: hutoa manii katika chombo safi, na mpimaji huyatazama kwa hadubini. Aanze kuuliza katika hospitali iliyo karibu, kama Murgwanza, Rulenge au Biharamulo. Nao madaktari wakiona lazima watampeleka mbele, hata Bugando, Mwanza.

Pili, tusikubali ushahidi wa zamani. Wako wasemao, "Mimi nilizaa na mwanamke mwingine ujanani, kasoro ni ya huyu." Kuzaa jana si hoja ya leo. Mrija uliokuwa wazi miaka kumi iliyopita waweza kuwa umeziba sasa.

Tatu, kijana mwenye usaha asifiche, wala asinunue vidonge viwili dukani. Apimwe, amalize dawa yote, na mwenziwe atibiwe pamoja naye. Akitibiwa mmoja tu, ugonjwa hurudi kwa mlango ule ule.

Nne, na hili ni zito kuliko yote: tusiuhamishe mzigo wa aibu kutoka kichwani pa mke na kuutia kichwani pa mume. Kovu katika mrija si hukumu juu ya utu wa mtu. Wengine waliumwa wakiwa watoto, wengine walizaliwa hivyo, na hata aliyekosa ujanani huhitaji matibabu na shauri la siri kuliko kicheko cha barazani. Mahali pengine mirija huweza kuungwa tena na madaktari wastadi, lakini gharama ni kubwa na si wote hufaulu. Wale wasiopata mtoto baada ya kujaribu yote ni mume na mke bado, na nyumba yao ni nyumba kamili.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Mbegu na manii vina tofauti gani?
2. Kwa nini mrija uliokunjwa ukiziba mahali pamoja tu, upande mzima hufungwa?
3. Mwanamume mwenye ndevu na nguvu aweza kukosa mbegu. Eleza sababu.
4. Kuhasi na kufunga mirija vyatofautianaje?
5. Katika mtaa wako, yuko mwanamke aliyerudishwa kwao ambaye mumewe hakupimwa? Wazee wafanye nini sasa?